Narudi Sasa Hivi

Mwaka wa kwanza makumbusho yalikuwa chini ya kitanda.
Mwanatumu, mjane wake, alikunja shuka akatuonyesha:
brashi kumi na moja za singa za punda,
kopo la rangi nyekundu, imeganda na nzi ndani yake,
na ubao mmoja, KINYOZI SAFI,
uliorudishwa na mwenyewe kwa sababu SAFI
iliandikwa kwa herufi ndogo kuliko KINYOZI.

Lali Famau hakujiita msanii.
Alipoulizwa kazi yake, siku ya kitambulisho,
alijibu: "Naandika."
Karani akajaza: karani.
Kitambulisho hicho sasa kimo kabatini, nyuma ya kioo,
na wageni hukipiga picha
bila kujua sisi twacheka nini.

Mwaka wa pili tulipata ghala Langoni,
zamani la sukari.
Siafu ndio watazamaji wetu wa kwanza,
walikuja kwa safu, hawakulipa kiingilio.
Nikaupita Usita wa Mui na daftari,
duka kwa duka, nikiomba nipewe Lali.
Mng'oa meno alitoa jino lake, la mizizi mitatu,
lenye tabasamu.
Skuli ya Wiyoni ilitoa ramani ya Afrika
ambayo Lamu ni kubwa kuliko Madagaska.
USIKOJOE HAPA haukung'oka, ni chokaa na ukuta;
tuliuacha ulipo, na bado hautiiwi.

Madi Bwanamaka, mwuza nyama, alikataa.
"Ng'ombe huyu," alisema, kisu mkononi,
"amesimama juu ya kichwa changu miaka thalathini na minne.
Nimechinja wangapi! Huyu ndiye aliyesalia.
Mukimtoa, mtu atajuaje nauza nini?"
Nikamwambia: kwa harufu.
Hatukusemezana hadi Mfunguo Mosi.

Mwaka wa nne masika yalipenya darini.
Tulivianika vibao juu ya nyumba kama nguo,
na mtaa mzima ukasoma upya
maduka yaliyokwisha kufa.
Kijana mmoja akaja na dumu
kuuliza mafuta ya taa ni kiasi gani.

Kisha afisa, kutoka bara, na fomu.
Swali la tisa: kipindi cha msanii.
Nikajaza: alfajiri, kabla jua halijakaza rangi.
Swali la kumi: kazi zilizopotea, idadi.
Nilimtazama Mwanatumu.
Naye alikuwa akihesabu kwa vidole,
akafika mahali, akakunja ngumi.
Nikaacha nafasi wazi.
Fedha hazikuja.

Alipofariki Madi, wanawe walikodisha duka
kwa muuza simu.
Ng'ombe aliletwa kwa mkokoteni, kifudifudi,
na hapo ndipo tulipouona mgongo wa ubao:
Lali alianza na punda.
Bila shaka ndiye aliyekuwa karibu,
amesimama uchochoroni, hana haraka.
Masikio yamekamilika, macho pia, hata mzigo wa matofali.
Kisha akakumbuka ni bucha,
akageuza ubao.
Miaka thalathini na minne, jamani,
punda ametazama ukuta
huku nyama ikiuzwa upande wa pili!
Wanawe walitushika mikono: isitoke humu.
Tumemtundika ng'ombe mbele.
Wa nyuma haonyeshwi
ila kwa aliyewahi kununua pale,
naye huambiwa akae kwanza.

Mlangoni petu hapakuwa na kibao.
Waandishi wawili walijaribu;
mmoja alichora M, akaitazama,
akashuka ngazi akaenda zake.
Basi tukatundika kile alichokuwa akikiacha
kwenye mlango wake akienda kunywa kahawa:
NARUDI SASA HIVI,
herufi ya mwisho imebanwa ukingoni
kwa kukosa nafasi.

Wageni hukisoma, hukaa barazani.
Wapo waliongoja hadi adhuhuri.
Siwaambii kitu.
Mlango haujafungwa.